Kufuli la Chiriku

Mama Chiriku aliishuku ile zawadi tangu alipoiona, na sababu ya kwanza ilikuwa kwamba hakujua hela ya kuinunua ilitoka wapi.

Mumewe aliingia nayo Jumamosi jioni, kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku wa watu. Alichungulia nje ya pazia kuhakikisha watoto wako mbali, kisha akaiweka kitandani. Lilikuwa sanduku dogo la bati, la kijani, lenye kishikio juu. Alipoinua kifuniko, mkewe aliona tupa ndogo mpya, koleo, bisibisi mbili, kipande cha waya mgumu, makufuli matatu, moja likiwa jipya, na rundo la funguo ambazo hazijachongwa meno, zimetungwa kwenye uzi.

“Ya nani hii?”

“Ya Chiriku. Ya Krismasi.”

“Baba Chiriku, mtoto wa kike wa darasa la tano unampa tupa?”

“Si ulikuwepo kanisani? Mwalimu wa Shule ya Jumapili alisemaje?”

Alikuwepo. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya wazazi akawasihi mwaka huu waache kununua vitu vya kuchezea vinavyovunjika kabla jua halijazama. Mpeni mtoto kitu kitakachoifundisha mikono yake kazi, alisema, na Mama Chiriku aliitikia amina kwa sauti kuliko wanawake wote wa benchi lake. Lakini yeye kichwani aliona mwiko, au mbegu za mboga, au ufagio mzuri wenye mpini. Tupa hakuiona kabisa.

“Alisema tuwafundishe maisha,” alijibu. “Hakusema tuwafundishe kufungua milango ya watu.”

“Mlango wa nani? Haya ni makufuli ya kujifunzia tu. Mimi mzee alinipa tupa nikiwa mdogo kuliko yeye, na ndiyo inayokulisha mpaka leo.”

“Inanilisha!” Mama Chiriku alicheka kicheko cha puani. “Juzi ilinilisha chai ya rangi bila hata kipande cha mkate. Hela umetoa wapi?”

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alianza kupangapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangika. “Ile kazi ya mama mwenye nyumba. Makufuli ya milango. Kulibaki kidogo.”

“Kulibaki? Kwa mama mwenye nyumba yupi? Huyu wetu anayehesabu hata njiti za kiberiti?”

“Aa, mama, mbona unanihoji kama polisi? Nimesema kulibaki. Basi.”

Mama Chiriku alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni mwaka wa tisa sasa, na kazi ile ilimfundisha kwamba doa likishafunikwa vizuri ndipo unapopaswa kulitazama mara mbili. Alilisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu, na lile neno “kulibaki” likamkaa kooni kama mwiba.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba sita vilivyozunguka ua wenye bomba moja la maji. Mama mwenye nyumba aliishi chumba cha mbele, penye kibaraza, ili aone nani anaingia na kabeba nini. Wiki mbili kabla ya Krismasi, wezi walivunja milango mtaa wa nyuma, naye akamwita Fundi na kumkabidhi fedha. Alitaka kila mlango wa wapangaji uwe na kufuli jipya, gumu, la kueleweka. Fundi aliyafunga yote kwa siku moja. Yalikuwa yanang'aa, makubwa kama ngumi, na wapangaji walimpa mkono mmoja mmoja. Msusi, dada aliyekaa mkabala nao, alilipapasa la kwake akasema, “Kaka Fundi, hapa hata malaika wa Bwana atabisha hodi.”

Siku ya Krismasi watoto walifungua zawadi zao. Mdogo, ambaye wote walimwita Bwana Mdogo kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, alipewa sindano kubwa, nyuzi za rangi na kopo la vifungo. Kufikia mchana alikuwa ameshona kifungo kwenye soksi, kwenye pazia na kwenye mto wa baba yake. Mama yake alimcheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa saa chache akasahau kushuku.

Chiriku hakucheka. Hakuongea hata. Kwa mtoto aliyepewa jina la ndege kwa sababu ya mdomo wake, hilo lilikuwa jambo la kutangazwa. Alikaa kizingitini, ulimi katoa nje kwa ubavu wa mdomo, akafungua kufuli la kwanza, akamwaga vipini, vile vijiti vidogo vya shaba vya ndani, na springi zake kwenye kifuniko cha sufuria, akavirudisha. Akavimwaga tena. Fundi alichuchumaa nyuma yake, akimwelekeza kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona muda mrefu.

“Usilazimishe. Lisikilize. Kila kipini kina urefu wake, na meno ya ufunguo ndiyo yanayovipa kila kimoja kimo chake.”

“Kwa hiyo vipini vikiwa sawa, ufunguo unakuwa sawa?”

“Ndiyo hivyo, fundi wangu.”

Jioni walikula pamoja, sahani magotini. Mdomo wa Chiriku ulikuwa umerudi, na alisimulia kila kipini kama mtu anayesimulia ndugu zake. Ghafla akasema, “Baba, lile kufuli la tatu, lile jipya, ni kama la mlango wetu.”

“Ni aina moja.”

“Hapana, namaanisha ndani. Nimelinganisha na ufunguo wetu. Meno ni yale yale. Halafu dada Msusi alipokuja kuomba chumvi, nikautazama na wa kwake, nao...”

Kijiko cha Fundi kilianguka kwenye sahani, mchuzi ukamrukia shati.

“Kula,” alisema.

“Lakini Baba, wa dada Msusi nao...”

“Nimesema kula! Mambo ya makufuli ya watu hayasemwi ovyo. Hiyo ni siri ya kazi. Fundi anayetangaza makufuli ya watu si fundi. Umenielewa?”

“Ndiyo, Baba.”

Mama Chiriku aliendelea kumpangusa Bwana Mdogo mdomo. Hakuelewa habari za meno na vipini. Lakini mumewe alizielewa, na mumewe hakuwa mtu wa kuangusha kijiko.

*

Siku mbili baada ya Krismasi, Msusi alirudi mchana kutoka kumsuka bibi harusi, akafungua kufuli lake, akaingia, na kelele zake zikasikika hadi barabarani. Mashine yake ya kukaushia nywele haikuwepo. Ile kubwa, ya kusimama, aliyoilipia kidogo kidogo mwaka mzima, na ambayo ndiyo iliyomtenganisha na wasusi wa kukaa chini ya mwavuli sokoni. Mlango haukuvunjwa. Dirisha lilikuwa na nondo zake zote. Kufuli lilikuwa zima, limefungwa, linang'aa.

“Limefunguliwa kwa ufunguo,” alisema Msusi, kaketi chini uani, kanga imemlegea. “Na ufunguo ninao mimi. Huu hapa. Sasa niambieni, nimejiibia mwenyewe?”

Watu walikusanyika. Mlinzi, aliyekaa chumba cha mwisho na kulala mchana kwa sababu ya kazi yake ya usiku, alitoka na macho mekundu, kajifunga taulo. Hakusikia kitu, alisema. Yeye akilala amelala. Kisha akaongeza, huku akijikuna kisogo, “Ila mimi sina haja ya kuzunguka. Hapa tuna mtoto anayeshinda kutwa anafungua makufuli.”

Mama Chiriku aliyaona macho yakigeuka, moja baada ya jingine, hadi kizingitini pake.

Mama mwenye nyumba hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa heri. “Mjukuu wangu,” aliita kwa upole, “hebu njoo. Nasikia umekuwa fundi kama baba yako.”

Chiriku alikuja. Mama mwenye nyumba alimpa kufuli kuukuu la jiko lake, lililofungwa, lisilo na ufunguo. “Wewe unaweza kulifungua hili?”

“Naweza kujaribu, Bibi.”

“Jaribu tuone.”

Mtoto alikimbia kuchukua waya wake. Alipiga goti katikati ya ua, akainamisha kichwa, akasikiliza. Halafu kufuli likasema ta! na kuachia, na Chiriku akainua uso wake ukiwa umejaa tabasamu, akingoja kupigiwa makofi.

Hakuna aliyepiga makofi.

Tabasamu lilibaki pale usoni muda kidogo, kama taa ambayo mtu kasahau kuizima. Kisha likafifia. Chiriku alimtafuta baba yake kwa macho, akampata karibu na bomba, akamtazama. Hakulia wala hakujitetea. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake aseme jambo ambalo wote wawili wanalijua. Fundi alitazama viatu vyake.

Mama Chiriku aliuona mtazamo ule, na ulimchoma pahali ambapo hakupajua.

“Basi,” alisema mama mwenye nyumba. “Mimi simwiti mtoto mwizi. Mimi nasema hivi: hadi Jumapili jioni mashine iwe imerudi. Isiporudi, Jumatatu chumba changu nakitaka. Nyumba yangu ina jina, siwezi kuishi na watu wanaofundisha watoto wizi halafu wanauita zawadi.”

“Mama, huyu mtoto...” alianza Fundi.

“Huyu mtoto nini?”

Watu wakamgeukia.

“Hajafanya,” alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba hata aliyetaka kumwamini angepata taabu.

*

Walipoingia ndani, Fundi alilichukua sanduku la kijani akaliweka juu ya kabati, akaondoka kwenda kwenye kibanda chake sokoni. Mama Chiriku alibaki na mtoto.

Alifanya jambo ambalo baadaye hakuacha kuliungama mbele za Mungu. Alilishusha sanduku akalimwaga kitandani. Akainua godoro. Akakung'uta mkoba wa shule, daftari moja moja. Akachungulia nyuma ya mtungi, ndani ya mtungi, kana kwamba mashine yenye urefu wa mtu inaweza kukaa ndani ya mtungi wa maji. Hakuwa akitafuta mashine tena. Alikuwa anatafuta kitu chochote cha kumjibu mwanamke wa mbele.

“Mama,” alisema Chiriku kutoka mlangoni, “hata wewe?”

“Niambie ukweli tu, mwanangu. Mimi ni mama yako. Ulikwenda kucheza na kufuli la dada Msusi? Labda ulifungua kwa kujaribu tu, ukaacha wazi, mtu akapita...”

“Sikufungua.”

“Kuna mtu alikutuma? Mtu mkubwa?”

“Hakuna.”

“Basi kuna jambo unalijua. Nimekuona ukimtazama baba yako. Unajua nini?”

Chiriku aliinama, akaanza kuokota funguo zilizotawanyika sakafuni, akizitunga tena kwenye uzi. Alizitunga zote ndipo akajibu.

“Muulize Baba.”

Bwana Mdogo, aliyekuwa kwenye kona akishona kifungo kwenye leso, aliinua kichwa. “Mama, tutahama? Na pazia langu nalo?”

Mama yake alirudisha godoro mahali pake.

Jioni ile Mama Chiriku aliomba sana. Kila siku waliomba wote wanne, wameshikana mikono, na Fundi ndiye aliyefunga sala. Safari hii alisema koo linamuuma. Mama Chiriku akafunga yeye, na alipofumba macho alimwambia Mungu maneno mengi mazuri, lakini moyo wake ulikuwa unamwambia jingine: mtu huyu hana ugonjwa wa koo. Alikumbuka kijiko. Alikumbuka “kulibaki”. Alikumbuka dada Msusi na ufunguo wake na chumvi. Mambo hayo matatu yalikaa mbele yake kama vipande vya shuka lililochanika, na kila alivyoyavuta yalizidi kukaribiana.

“Unajua nini ambacho mtoto anakijua?” alimuuliza mumewe walipokwisha kusema amina.

“Sijui kitu.”

“Apa.”

“Mama Chiriku, tumetoka kusali sasa hivi.”

“Ndiyo maana nasema apa.”

Fundi alivaa kandambili akatoka nje kwenda kuchota maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

*

Jumamosi asubuhi ua ulikuwa mtupu. Msusi alikwenda kuazima mashine kwa rafiki. Mama mwenye nyumba alikuwa sokoni. Mlinzi alikuwa amerudi kutoka kazini na kujifungia kulala. Mama Chiriku alitoka na beseni la nguo, akaanza kuanika kwenye kamba iliyopita mbele ya mlango wa Msusi. Alianika shuka la kwanza. Alianika la pili. Liliponing'inia kati yake na vyumba vingine, akautoa ufunguo wa chumba chake uliofungwa kwenye ncha ya kanga.

Alijisemea kwamba ufunguo hautaingia. Ukaingia. Alijisemea kwamba hautazunguka, na katika moyo wake aliomba kwa dhati usizunguke, kwa sababu ukizunguka atakuwa amempata mtu, na mtu huyo analala ubavuni pake.

Ukazunguka kama uliopakwa mafuta.

Kufuli la Msusi liliachia mkononi mwake. Alisimama akilitazama, jepesi kuliko lilivyoonekana, na hasira ilimpanda taratibu kutoka miguuni. Si kwa ajili ya makufuli. Aliwaza juu ya mtoto aliyepiga goti hapo katikati, aliyetajwa kwa wizi mbele ya watu wazima, na aliyeufumba mdomo ule usiofumbika kwa sababu baba yake alimwambia ni siri ya kazi.

“Ahaa!”

Mlinzi alikuwa nyuma ya shuka, kajifunga taulo. Kumbe siku hiyo hakulala. “Ahaa! Njooni! Njooni muone! Mama mtu ndiye mwenyewe! Mtoto anafunzwa na mama!”

Milango ikafunguka. Mtu akakimbia kumwita mama mwenye nyumba. Msusi alikutana na habari njiani, akaja mbio, nywele nusu zimefumuliwa, akamshika Mama Chiriku kanga kifuani.

“Dada yangu! Wewe ambaye tunakopeshana chumvi!”

“Niachie,” alisema Mama Chiriku, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu. “Niachie, dada, wala siendi popote. Mwiteni mume wangu.”

“Utaeleza polisi!”

“Nitaeleza popote. Kwanza mwiteni Fundi. Mwambieni mkewe kakamatwa na kufuli la watu mkononi. Mwambieni aje aseme, na asipokuja, nitasema mimi.”

Fundi alikuja na vumbi la shaba bado mikononi. Aliona umati. Akamwona mkewe kashikwa kanga, kufuli mkononi mwake, na ufunguo wao wenyewe umo ndani ya kufuli. Nyuma ya watu, kwenye kizingiti, Chiriku alikuwa amesimama kamshika mdogo wake mkono. Kwa mara ya pili alimtazama baba yake.

Yako mambo ambayo mtu huyabeba vizuri ilimradi hakuna anayemtazama. Fundi alivuta pumzi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mwachieni,” alisema. “Yeyote mwenye ufunguo hapa angeweza kuingia. Funguo zote ni moja.”

“Unasema nini?” mama mwenye nyumba aliuliza.

“Makufuli yote. Niliyanunua katoni moja, ya bei ya chini. Nilipoyafunga ndipo nikagundua ufunguo wa hili unafungua lile. Nikajiambia nitayafumua baada ya sikukuu, nibadilishe vipini, kila mtu awe na lake. Nikajiambia nani atajaribu ufunguo wake kwenye mlango wa jirani? Mwanangu aligundua siku ya Krismasi, nikamfunga mdomo. Hiyo ndiyo siri. Mtoto hana kosa. Mke wangu hana kosa.”

“Na fedha zangu zilizobaki?” alisema mama mwenye nyumba polepole. “Maana mimi nilikupa za makufuli magumu.”

Fundi hakuinua kichwa. “Nilinunua zawadi. Ya watoto.”

Mama Chiriku alifumba macho. Alilijua jibu hilo tangu Jumamosi ile ya kwanza. Alikuwa tu hajalisikia.

Hawakumwamini mpaka waone. Kila mpangaji alileta ufunguo wake, na mama mwenye nyumba akauchukua wa Mlinzi, akaenda nao mlango kwa mlango. Kufuli la kwanza likaachia, mtu akacheka. La pili likaachia, wakacheka kidogo. La tatu likaachia na hakuna aliyecheka tena. Walisimama uani, kila mmoja na ufunguo mkononi, wakaanza kutazamana. Mlinzi alitazamwa kuliko wengine, kwa sababu ufunguo uliokuwa ukizunguka ulikuwa wake.

“Msinitazame mimi,” alisema, akalikaza taulo lake.

*

Mashine haikuonekana. Si Jumapili, wala siku yoyote baada ya hapo. Fundi aliuza mashine yake ya umeme ya kuchongea funguo, ile iliyokuwa fahari ya kibanda chake, akamnunulia Msusi nyingine ya kukaushia nywele, isiyo nzuri kama ile ya kwanza, na Msusi akaipokea bila kusema asante wala kusema haitoshi. Mama mwenye nyumba aliwaacha wabaki, kwa sharti kwamba kila kufuli lifumuliwe mbele ya macho yake, na alikaa kwenye kigoda akikagua kila kipini, ingawa hakujua anakagua nini. Hakumwita tena Chiriku mjukuu wangu. Alipomwona akipita, alijifanya anapepeta mchele.

Mama Chiriku alimwomba mtoto wake radhi. Alipiga goti kabisa, kama anavyopiga goti kanisani, akamshika mikono.

“Nilikosa, mwanangu. Nilikupekua kama mwizi.”

“Haya, Mama,” alisema Chiriku.

Alisema vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mgeni aliyemkanyaga njiani. Mama yake alisubiri maneno mengine. Mtoto huyu alikuwa na maneno kwa kila kitu: kwa mvua, kwa sisimizi, kwa vifungo vya mdogo wake. Hayakuja.

Sanduku la kijani lilirudishwa kwake. Kwa siku kadhaa alilifanyia kazi kizingitini, mgongo kaupa chumba, na mama yake alidhani anajifunza kama mwanzo. Aliona alichokuwa akikifanya siku Fundi aliporudi kutoka kibandani mapema, mikono imechubuka. Bila ile mashine alikuwa amerudi kuchonga funguo kwa mkono, na tupa yake ya zamani ilikuwa imelika hata ikawa laini kama kijiko. Hela ya kununua nyingine haikuwepo.

Alisimama mbele ya binti yake, kofia mkononi.

“Fundi wangu,” alisema, “naomba kuazima ile tupa yako.”

Chiriku alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Sasa lilikuwa na komeo dogo la bati alilolikunja mwenyewe, na juu yake kufuli. Lilikuwa lile la tatu, jipya, lililokuwa sawa na ya milango yote. Alichomoa kamba shingoni, ndani ya gauni, na kwenye kamba kulikuwa na ufunguo mmoja, meno yake yamechongwa kwa mkono, hayakulingana, mengine marefu mengine mafupi. Akafungua. Akatoa tupa. Akafunga tena kabla hajampa.

Fundi aliupima ufunguo ule kwa macho. Kazi ilikuwa safi. Mtu ambaye hajachonga hata mmoja hangejua ni safi kiasi gani.

“Umebadilisha vipini,” alisema.

“Ndiyo, Baba.”

“Vyote?”

“Vyote.”

Mama Chiriku, aliyekuwa akipiga pasi kando ya dirisha, aliweka pasi chini. Alijaribu kuongea kwa utani, kama zamani. “Na ufunguo wa akiba umeuweka wapi, fundi? Ukipotea huo je? Mpe mama yako akutunzie.”

Chiriku aliirudisha kamba ndani ya gauni, akaipapasa kifuani ilipokaa.

“Hakuna wa akiba,” alisema. Kisha akamgeukia baba yake, ambaye bado alikuwa ameishika ile tupa kwa mikono miwili.

“Ukimaliza, uirudishe.”